HOJA MEZANI: KUWASHAWISHI WAZAZI UNAPOACHA NYAMA



Kila mwaka chama chetu huandaa midahalo. Tunafundishwa kusimama wima, kuitazama hadhira, kutaja hoja ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha kuketi tukipigiwa makofi. Hayo ni mazuri. Lakini upo mdahalo mwingine mgumu zaidi, usio na mwenyekiti wala kengele. Huo hufanyika nyumbani wakati wa chakula cha jioni, na wapinzani wako ndio hao hao majaji: Baba na Mama. Makala haya yanahusu mdahalo wa aina hiyo. Mada yenyewe ni hii: mtoto amesema hali nyama tena.

Mimi ni mmoja wa watoto hao. Niliacha nyama nilipokuwa Kidato cha Pili kwa sababu sipendi mnyama achinjwe kwa ajili yangu. Maziwa nanywa na mayai nala. Sikusudii kumhubiria mtu; anayependa nyama choma na aendelee, bwana. Ninalotaka kueleza ni jinsi ya kuzungumza na wazazi hadi mkaelewana, maana niliiona nyumba yetu ikikaribia kugawanyika kwa sababu ya sahani moja.

Hatua ya kwanza: Tafuta hofu iliyo nyuma ya "hapana"

Mzazi akisema hapana, aghalabu lipo jambo linalomtia wasiwasi. Kwetu kulikuwa na "hapana" tatu. Mama aliogopa kwamba nitapungukiwa na damu nianguke darasani. Baba alishuku kuwa nimejiunga na dini ya siri, ama naiga mambo ya Wazungu. Nyanya ndiye aliyeumia zaidi. Kwetu upande wa Magharibi, kuku huchinjiwa mgeni wa heshima, na mjukuu anayetoka shule ya bweni ni mgeni wa heshima. Kumkataa kuku huyo kulikuwa kama kusema, "Nyanya, mkono wako siutaki." Alininyamazia likizo nzima.

Tazama basi: hofu ya ugonjwa, hofu ya kupotea na hofu ya kudharauliwa. Ukimjibu Nyanya kwa habari za protini, hujamjibu. Ukimjibu Mama kwa habari za kuwahurumia wanyama, hujamjibu pia. Kila hofu ina jibu lake.

Hatua ya pili: Jifunze lishe kabla ya kufungua kinywa

Hili ndilo jibu la Mama, na halihitaji maneno mengi bali hesabu. Kwa viwango vinavyotumiwa Marekani, msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji protini gramu 46 hivi kwa siku, na mvulana gramu 52. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, vikombe viwili vya maziwa gramu 16, yai moja gramu 6. Hizo ni gramu 37 tayari. Ugali, chapati na njugu humalizia zilizobaki.

Githeri nayo isidharauliwe ati kwa kuwa tumeizoea shuleni. Protini hujengwa kwa asidi amino. Mahindi yana upungufu wa ile iitwayo laisini, ambayo maharagwe yanayo kwa wingi. Maharagwe nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Kila kimoja humfaa mwenzake.

Kuhusu damu, Mama alikuwa na haki ya kuuliza. Msichana wa umri huo anahitaji madini ya chuma miligramu 15 kwa siku, mvulana 11. Chuma kinapatikana katika maharagwe, ndengu, kunde na mboga za kienyeji kama terere na managu, lakini mwili hukifyonza kwa shida kuliko kile cha nyama. Dawa yake ni vitamini C: kula chungwa, pera au nyanya mbichi pamoja na chakula hicho. Chai, kwa upande mwingine, huzuia chuma kisifyonzwe, kwa hiyo ngoja saa moja hivi baada ya kula ndipo uinywe.

Lipo jambo moja ambalo hupaswi kulificha. Vitamini B12, inayosaidia kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu, haipatikani katika mboga tunazozila. Sisi tunywao maziwa na kula mayai huipata humo. Anayeacha hata hivyo lazima atumie vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, au vidonge. Mwambie mzazi ukweli huu mwenyewe kabla hajausikia kwingine. Msemaji anayeutaja udhaifu wa upande wake huaminiwa.

Fauka ya hayo, jiulize kwa nini unaacha nyama. Ikiwa ni kwa ajili ya kukonda tu, hata chakula kingine unakiogopa, hilo si suala la mdahalo. Zungumza na mtu mzima unayemwamini.

Hatua ya tatu: Chagua lugha

Linganisha sentensi hizi mbili:

(a) Mimi sitaki nyama yenu!
(b) Mama, naomba unikubalie nijaribu mwezi mmoja.

Katika (a), neno "yenu" limeigawa nyumba pande mbili, mimi huku na nyinyi kule. Katika (b), vitenzi "unikubalie" na "nijaribu" viko katika hali ya kuomba na kutarajia. Mamlaka yamebaki mikononi mwa mzazi. Tena kuna kipimo, mwezi mmoja, na mzazi hukubali jambo lenye mwisho kwa urahisi kuliko lisilo na mwisho. Niliongeza ahadi: mwezi ukiisha twende kituo cha afya nipimwe damu, na nikipatikana na upungufu, tuketi tena tuzungumze.

Baba aliposema ni mambo ya Wazungu, nilimjibu kwa upole, "Baba, githeri ni ya Wazungu? Na ugali kwa kunde je?" Nikamkumbusha pia majirani zetu Wahindu na Wajaini, ambao wengi wao hapa Kenya hawali nyama, na baadhi ya Waadventista vilevile. Hakucheka, lakini aliacha kuniuliza habari za dini ya siri.

Hatua ya nne: Beba mzigo wako

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, lakini hayampunguzii Mama kazi jikoni. Usitake akupikie sufuria ya pili. Loweka maharagwe usiku, amka uyachemshe, na upike ya kutosha watu wote. Ndengu zangu za nazi sasa huliwa hata na Baba, ingawa huziita "kitoweo cha kungojea nyama".

Nyanya nilimwendea mapema, kabla hajamshika kuku. Nilimwomba anifundishe kupika majani ya kunde kwa simsim, jinsi alivyofundishwa na mama yake. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Haya, kuku umemwokoa. Lakini mboga utachuma mwenyewe." Tulichuma pamoja. Sisemi amekubali kabisa. Kila nikifika huniuliza kama bado sijapona. Lakini ananiuliza akiniandalia kiti karibu na meko.

Mwezi ulipokwisha nilipimwa, na damu yangu ilikuwa ya kutosha. Mama alikunja karatasi ile ya majibu akaiweka ndani ya Biblia yake.

Zoezi

1. Taja jambo moja ambalo wazazi wako hawakukubalii. Andika hofu unayodhani iko nyuma ya "hapana" yao.
2. Geuza sentensi hizi ziwe ombi: (a) Sitaki kurithi kazi ya Baba. (b) Lazima nijiunge na timu ya kandanda.
3. Tunga mazungumzo mafupi baina yako na nyanya au babu yako, ambamo unakataa jambo bila kuukataa mkono wake.