Uso wa Nyani Husema Nini?

Je, umewahi kumwona nyani akionyesha meno yake yote? Labda ulidhani kwamba anacheka. Katika somo hili utajifunza kuutazama uso wa nyani kwa makini.

Siku mtakapokwenda na mwalimu wenu katika bustani ya wanyama, chukua daftari na penseli. Simama mbali na uzio. Mchague nyani mmoja, umtazame kwa muda wa dakika 10. Andika kwanza unachokiona katika macho, nyusi, midomo na meno. Kisha andika jambo lililotokea kabla na baada ya hapo. Usiandike "amekasirika" kabla hujaandika amefanya nini.

Huenda ukaona mambo haya:

1. Nyani mdogo amejikunyata mbele ya nyani mkubwa, amevuta midomo nyuma, na meno yanaonekana. Huyo hacheki. Anaogopa.

2. Nyani ameinua nyusi na kukaza macho, hata kope zake zenye rangi hafifu zinaonekana. Anatoa onyo.

3. Dume anapiga mwayo, na chonge zake ndefu zinaonekana. Si lazima awe na usingizi. Mara nyingi anawaonyesha wengine silaha zake.

4. Nyani anachezesha midomo upesi upesi huku akimkaribia mwenzake. Hiyo ni ishara ya urafiki. Huenda baadaye wakachambuana manyoya na kuondoleana kupe na uchafu.

Ukimkodolea nyani macho, yeye huona kwamba unamtishia, hata kama wewe unatabasamu. Aweza kukukamata mkono na kukuuma. Kwa hiyo usimkodolee macho, usimtupie chakula, wala usipitishe mkono kwenye uzio.

Mwaka 1838 mtaalamu wa Uingereza, Charles Darwin, alikwenda katika bustani ya wanyama ya London kumtazama Jenny. Jenny alikuwa orangutani, mnyama wa jamii ya sokwe. Mtunzaji alimwonyesha tofaa, lakini hakumpa. Jenny alijitupa chini, akapiga mateke na kulia kama mtoto. Darwin aliyaandika aliyoyaona. Mwaka 1872 alitoa kitabu juu ya ishara za nyuso za binadamu na wanyama.

Maswali

1. Nyani huonyesha meno kwa sababu zipi mbili?
2. Kwa nini tunaandika tunachokiona kabla ya kueleza maana yake?
3. Mtazame mbwa au paka wa kwenu kwa dakika 10. Masikio, mkia na mdomo wake vilikuwaje?