Mcheza Soka na Mkimbiaji wa Mbio Ndefu: Pumzi Moja, Kazi Mbili

Wapo walimu wa michezo wanaochagua vijana wa timu ya soka kwa kuwakimbiza barabarani kilomita kadhaa, kisha kuwaacha nje waliobaki nyuma. Desturi hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba pumzi ni kitu kimoja kwa michezo yote. Fiziolojia haiiungi mkono dhana hiyo.

Kipimo mashuhuri cha pumzi ni kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili waweza kukitumia kwa dakika. Wanaume wakimbiaji wa kimataifa hufikia mililita 70 hadi 85 kwa kila kilo ya uzito. Wacheza soka wa kulipwa, wengi wao, huwa kati ya 55 na 65. Kwa tarakimu hizo mkimbiaji ameshinda. Hata hivyo, mechi haichezwi kwa mwendo mmoja. Kiungo hupita kilomita 10 hadi 12 katika dakika 90, sehemu kubwa akitembea au akikimbia polepole, na kila baada ya muda hufyatuka kwa sekunde 2 hadi 4, huruka, husimama ghafla na kugeuka. Kelvin Kiptum wa Kenya, alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni huko Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, alikwenda kwa wastani wa dakika 2 na sekunde 51 hivi kwa kila kilomita, bila kupumzika hata mara moja.

Nguvu ya kufyatuka hutoka hasa katika akiba ndogo ya kreatini fosfati iliyomo ndani ya msuli, nayo hupungua upesi mno. Oksijeni ndiyo huirudisha, mchezaji anapotembea. Kwa mkimbiaji, basi, pumzi ndiyo injini yenyewe. Kwa mcheza soka ni mlipaji wa deni. Mwenye pumzi haba aweza kuwahi mpira wa kwanza, ila wa kumi ukampita.

Kwa hiyo pumzi ya soka inastahili kujengwa, lakini kwa njia yake. Jan Helgerud na wenzake wa Norway walionyesha mwaka 2001 kwamba vijana waliokimbia kwa nguvu dakika 4, mara 4, kwa siku 2 za wiki, waliongeza kiwango chao cha oksijeni na idadi ya mbio za kasi katika mechi baada ya wiki 8. Upimaji nao una njia yake: jaribio la Yo-Yo la Jens Bangsbo wa Denmark, la mita 20 kwenda na 20 kurudi, pumziko la sekunde 10, kasi ikipanda. Linahitaji uwanja, alama chache na simu ya kutoa mlio.

Majeraha pia hutofautiana. Soka huchana misuli ya nyuma ya paja na kuumiza goti. Mbio ndefu hutia nyufa ndogo katika mfupa wa ugoko. Kijana wa soka anayekimbizwa barabarani kila siku huongezewa hatari ya pili bila kupunguziwa ya kwanza. Ugoko unaouma mahali pamoja ukibonyezwa, na usiotulia hata kwa mapumziko, unahitaji daktari, si dawa ya kuchua.