Dakar Hadi Brikama: Anzia Uani, Klabu Baadaye

Safari yangu ya kwanza Dakar ilikuwa ya wiki moja, na nusu yake niliipoteza. Kampuni iliyotuandalia ilitufikisha klabu usiku wa kwanza saa nne kamili, macho yangali mazito kwa usingizi wa ndege. Ukumbi mtupu. Tukanywa soda hadi saa saba, ndipo bendi ikapanda jukwaani. Ngoma zikalia kama mvua ya mawe juu ya bati, gitaa likashika njia yake na kinanda njia yake, na watu wakacheza kwa mapigo ambayo sisi hatukujua yako wapi. Mwenzetu wa Mombasa, mtu aliyelelewa na taarab, akaniinamia: "Ndugu yangu, hawa wanapiga muziki au wanagombana?"

Baada ya miaka miwili nilirudi na watu tisa niliowakusanya mwenyewe, na ratiba nikaipindua: ngoma kwanza, klabu baadaye. Kama nawe unapanga safari ya kundi kwenda kuusikiliza muziki wa Afrika Magharibi, haya ndiyo niliyojifunza.

Chagua nchi mbili, basi

Ukitazama ramani utataka Bamako, Conakry, Accra na Lagos kwa pamoja. Usithubutu. Mimi niliitamani Bamako, mji wa Toumani Diabaté, gwiji wa kora aliyefariki Julai 2024, lakini hali ya usalama Mali si ya kupeleka kundi la watalii. Tukachagua Senegal na Gambia. Gambia imezungukwa na Senegal pande zote isipokuwa baharini, na nyimbo zenyewe hazijui mpaka.

Nenda kati ya Novemba na Mei, kabla ya mvua. Na tazama kalenda ya Kiislamu: Ramadhani ikiingia, kumbi hutulia na ngoma za mitaani hunyamaza.

Kabla ya kuuliza bei, uliza ukoo

Huku muziki wa jadi ni kazi ya kurithi. Waliozaliwa kuushika huitwa *géwël* kwa Kiwolofu na *jali* kwa Kimandinka: ni waimbaji, wapigaji, watunza nasaba, wapatanishi. Sisi tungewaita manju, ila manju wetu anaweza kuzaliwa nyumba yoyote. Wao jina la ukoo hutangulia kuwatambulisha: Kouyaté, Diabaté, Cissokho, Konte.

Kiongozi wetu wa kwanza alijua hoteli na mikahawa. Wa pili alitoka katika ukoo wa wapiga ngoma za sabar, na tofauti ilikuwa hii: yule wa kwanza alitukatia tiketi, huyu alitubishia hodi. Tukaingia uani kwa shangazi zake, tukalishwa ceebu jën, wali wa samaki, kutoka sinia moja, tukanywa attaya, ile chai inayomiminwa mara tatu, ya kwanza kali na ya mwisho tamu. Usiwe na haraka na chai hiyo. Kati ya mmiminiko wa kwanza na wa tatu ndipo wazee huanza kuzungumza.

Kundi lisizidi watu kumi. Mnaenea gari moja, na mnaenea ua mmoja bila kuugeuza mkutano wa hadhara.

Siku tatu za sabar

Sabar hupigwa kwa mkono mmoja mtupu na mwingine wenye fimbo nyembamba. Ni jamii ya ngoma, ndefu na fupi, kila moja na kazi yake; kama kwetu ambako chapuo na vumi havinyang'anyani nafasi. Mwalimu wetu alitukataza kugusa ngoma siku nzima ya kwanza. Kila pigo lina silabi yake, kwa hiyo tulikaa kwenye mkeka tukitamka midundo kwa mdomo kama watoto wa chuoni. Watu wazima kumi, mmoja wao mhasibu mwenye wajukuu! Siku ya pili tulipopewa fimbo, mikono ilikuwa tayari inajua inachotafuta.

Jioni ya siku ya tatu tukaalikwa kwenye ngoma ya sabar mtaani. Wanawake waliketi duara. Mmoja akaruka katikati, akacheza kwa sekunde chache kama cheche, akarudi kitini akicheka. Hapo niligundua kwamba si mchezaji anayeifuata ngoma peke yake. Mpigaji naye anamtazama miguu na kumjibu. Jina linalotajwa kila ua ni la Doudou Ndiaye Rose (1930–2015), aliyeongoza makundi makubwa ya wapigaji na kuunda kundi la wanawake watupu katika kazi iliyohesabiwa ya wanaume.

Sasa ndiyo klabu

Usiku wa nne tulilala mapema, tukaamka saa sita, tukaoga, tukaenda. Muziki ulikuwa ni ule ule wa mbalax ulionishinda mara ya kwanza. Neno lenyewe hutoka kwenye sabar: mbalax ni pigo la kuitikia, lile linalobeba ngoma nyingine. Miaka ya 1970 bendi za Dakar zilizokuwa zikipiga muziki wa Kikuba zilianza kuingiza sabar na tama, ile ngoma ya kwapani inayobanwa ili ipande na kushuka sauti kama mtu anayesema. Mwimbaji Youssou N'Dour, mtoto wa mama wa ukoo wa géwël, akaubeba muziki huo hadi duniani. Gitaa na kinanda vikajifunza kupiga sehemu za ngoma, na ndiyo maana mgeni hudhani vyombo vinagombana. Vinaitikiana.

Yule mtu wa Mombasa nilikuwa nimemshawishi arudi nami. Wimbo wa pili ulipoanza, kidole chake kilikuwa kinagonga meza mahali panapostahili. Hakuniinamia tena kuuliza.

Anayeuona mbalax mkali, mpeleke kwanza kwa Orchestra Baobab, bendi iliyoanzishwa Dakar 1970. Aliyekua na muziki wa dansi atajisikia nyumbani, kwa sababu santuri za Kuba zilizowafunza wao ndizo zilizoifunza Kongo, na Kongo ikatuletea rumba. Kijana wa bongofleva naye mtafutie rapa, kisha msikilizishe tasu, ghani ya kale inayotamkwa juu ya sabar. Atatambua kwamba kughani juu ya mdundo huku hakukungoja kaseti za Marekani.

Brikama na nyuzi 21

Kutoka Dakar tulishuka hadi Gambia kwa barabara, tukavuka mto kwa daraja la Farafenni lililofunguliwa Januari 2019. Tenga siku nzima. Mpakani pasi kumi zina mihuri yake na subira yake.

Brikama ni mji wa koo za wapiga kora. Kora ni nusu ya kibuyu kikubwa kilichowambwa ngozi ya ng'ombe, mti mrefu, na nyuzi 21: 11 upande wa kushoto, 10 wa kulia, zikipigwa kwa vidole gumba na vya shahada tu. Mzee aliyetupokea alitumia karibu nusu saa kuweka nyuzi sawa, akivuta pete za ngozi moja moja. Baadhi yetu wakatoa simu. Kiongozi akatuonya taratibu: "Ameshaanza kupiga." Kweli, katika kuweka sawa alikuwa anatutajia wimbo utakaokuja.

Kutuza, jina na utani

Mtu wa taarab haombi maelezo hapa. Mwimbaji akikusifu, unainuka, unampa noti mkononi. Kwa upande wa Senegal, kubadili fedha ziwe noti za faranga 500 na 1,000 ni kazi ya asubuhi, si ya usiku. Malipo ya mwalimu ni kitu kingine. Yakubaliwe kabla, yapitie kwa kiongozi. Na usirekodi bila kuomba ruhusa: wimbo ule ni mali ya ukoo.

Utapewa jina pia. Mimi niliitwa Ndiaye, na tangu saa hiyo kila Diop niliyekutana naye alinitukana kwamba napenda wali kupita kiasi. Ni utani, sawasawa na wa Mzaramo na Mnyamwezi. Jibu tusi kwa tusi, utapata kiti.

Mwisho, mambo ya begi

Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano; kurudi Tanzania utaulizwa. Beba dawa za malaria kwa ushauri wa daktari. Jifunze *jërëjëf*, yaani asante. "Salaam aleikum" unayo tayari. Ngoma usiiweke kwenye mzigo wa chini ya ndege: yangu ilifika Dar es Salaam ngozi imechanika, nami sina wa kumlaumu ila haraka yangu.

Ukilipa safari hii, gharama kubwa si tiketi. Ni zile siku tatu za kukaa mkekani bila kuonyesha chochote mtandaoni. Zilipe kwanza.