Kabla ya Tairi Kubwa, Weka Fedha ya Difu

Leo nazungumza na ninyi wapenzi wa fowili, hasa wewe uliyejinyima hadi ukapata Land Cruiser 80 yako na sasa unatamani kulivalisha tairi kubwa. Sikukatazi. Gari likiinuka linapita kwenye makorongo bila kukwangua tumbo, tena linapendeza. Ila dada yako anakuomba jambo moja: usinunue tairi hizo kabla hujaweka kando fedha ya difu.

Tufanye hesabu pamoja. Tairi ya 275/70R16, iliyozoeleka kwenye gari hili, ina kipenyo cha milimita 791 hivi. Ukifunga 315/75R16, kipenyo kinafika 879. Kila mzunguko mmoja wa gurudumu unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 11, na mzigo huo unabebwa na injini. Gia ya tano haikai. Ukifika mlima wa Kitonga na mzigo unashusha gia mapema, klachi inanuka, mafuta yanakwisha upesi. Hapo wengi hulaumu pampu na nozeli, injini inafunguliwa bure kumbe haina kosa. Na mshale wa spidi unakudanganya: ukisoma 50, wewe uko karibu 56. Trafiki mwenye tochi hataki kusikia habari za tairi.

Dawa yake ni kubadili krauni na pinioni ndani ya difu. Chukua uwiano wa difu uliyonayo, zidisha kwa kipenyo cha tairi mpya, kisha gawanya kwa kipenyo cha zile za zamani. Kama difu yako ni 4.11, jibu ni 4.57. Seti inayozoeleka kwa 80 yenye tairi za namna hiyo ni 4.88. Imezidi hesabu kidogo, kwa hiyo injini itazunguka zaidi kwenye lami, lakini gari litavuta vizuri likiwa na mzigo au trela. Mshale nao utasoma juu kidogo: ukionyesha 100, unakwenda kama 94. Usikisie difu yako ni ya ngapi. Fundi ahesabu meno: 37 ya krauni kwa 9 ya pinioni ndiyo 4.11.

Sasa nisikilize vizuri. Difu ni mbili, na zote mbili lazima zibadilishwe kwa uwiano ule ule. Land Cruiser 80 nyingi huvuta kwa magurudumu yote manne muda wote. Ukibadili ya nyuma peke yake, mbele na nyuma zitapingana, transfa itachemka, na mwisho kitu kitavunjika. Hata gari unaloliingiza fowili mwenyewe halisalimiki siku utakapoingiza penye ardhi ngumu. Tena difu ya mbele ya 80 ni ndogo kuliko ya nyuma, hivyo kila moja ina seti yake. Agiza zote mbili kwa pamoja.

Fundi naye mchague kwa vifaa vyake. Mwambie akuonyeshe geji ya mshale ya kupimia mwanya kati ya meno. Difu nyingi za nyuma za Toyota huhitaji milimita 0.15 hadi 0.20, lakini kipimo cha mwisho ni cha kitabu cha gari lako. Akuonyeshe pia rangi anayopaka kwenye meno: akizungusha, alama ibaki katikati ya jino, isikimbilie ncha wala shina. Beringi na sili ziwe mpya. Fundi akikuambia yeye hupima kwa sikio, mshukuru, chukua ufunguo wako uondoke. Difu iliyofungwa vibaya hupiga mluzi, kisha hula meno yake yenyewe, nawe unanunua seti ya pili. Rahisi ghali, mdogo wangu.

Gari likitoka gereji, lipe muda. Safari ya kwanza iwe kilomita 20 hadi 30 za mwendo wa pole, kisha liache lipoe kabisa. Rudia hivyo mara kadhaa. Usivute trela wala kubeba mzigo mzito kabla ya kilomita 800, na zikitimia mwaga oili, weka mpya ya GL-5. Vumbi laini la chuma kwenye oili ya kwanza lisikutishe. Ukikuta vipande, rudi kwa fundi siku hiyo hiyo.

Na kama fedha inatosha tairi peke yake? Baki na saizi ya kiwandani, nunua tairi nzuri za tope, uendelee kudunduliza. Tairi kubwa, difu zote mbili na fundi mwenye vifaa ni bajeti moja. Kikikosekana kimoja, subiri.