37 au 98? Namba ya joto bila herufi yake inakurudishia mzigo

Wauzaji wenzangu, kama unauza vipimajoto, mashine za kutotolesha vifaranga, oveni, pasi za nywele au hata balbu, somo la leo linakuhusu. Mteja anakupigia saa nne usiku: "Kaka, hiki kipimajoto ulichonitumia ni kibovu, mtoto anasoma 98!" Kipimajoto ni kizima kabisa. Kinasoma Farenhaiti, na 98 ya huko ni joto la kawaida la mwili, sawa na 36.7 ya kwetu. Lakini mama wa watu ameshatetemeka, na wewe unadaiwa hela yake pamoja na nauli ya bodaboda.

Kwetu Tanzania tumezoea Selsiasi, ile yenye alama ya °C. Ndiyo ya utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), ndiyo ya zahanati. Maji yanaganda kwenye 0 na yanachemka kwenye 100. Kwenye Farenhaiti, yaani °F, maji yanaganda kwenye 32 na yanachemka kwenye 212. Wanaoitumia kila siku ni Marekani na nchi nyingine chache, ila kuna bidhaa za China zinazotengenezwa kwa soko la Marekani, halafu zinaishia Kariakoo na kwetu. Ndo maana unafungua boksi unakutana na °F. Fahrenheit alitoa kipimo chake mwaka 1724. Anders Celsius wa Sweden akatoa chake 1742, na mwanzoni alikipanga kinyume: 0 ndiyo maji yanayochemka, 100 ndiyo barafu! Kikageuzwa baadaye.

Hesabu yake ni fupi. Una °F unataka °C: toa 32, kisha gawanya kwa 1.8. Una °C unataka °F: zidisha kwa 1.8, kisha ongeza 32.

Kuna njia ya mkato inazunguka huko mitandaoni: toa 30, gawanya kwa mbili. Kwa hali ya hewa haina shida. Kwenye 50°F inakupa 10, na hiyo ni sahihi kabisa. Lakini kadiri namba inavyopanda ndivyo inavyodanganya. Chukua 100.4°F, ambayo ni 38°C, joto ambalo wengi wanahesabu kuwa ni homa. Mkato unakupa 35.2. Yaani mtoto ana homa na wewe unamwambia mama yake mtoto yuko sawa. Kwa vitu vya mwili usikisie, tumia kalkuleta ya simu. Na dalili zikiwepo mwambie aende zahanati, sisi ni wauza duka tu.

Kwenye mayai ni hivyohivyo. Mashine ya kutotolesha yenye feni inatakiwa ikae kwenye 37.5°C, ambayo ni 99.5°F. Mteja akitumia mkato anapata kama 34.7 na kuisetia hapo. Siku 21 zinapita, trei nzima haina kifaranga, halafu lawama zinakuja kwako. Tena angalia hapa: maelekezo yakisema joto lisipande zaidi ya 2°F, hiyo ni tofauti, hutoi 32. Unagawa kwa 1.8 peke yake, inakuwa kama 1.1°C.

Kabla hujatuma kipimajoto cha jikoni au cha mashine, kijaribu. Jaza glasi vipande vya barafu, ongeza maji kidogo, koroga, subiri dakika chache. Kikisoma karibu na 0 ni °C, kikisoma karibu na 32 ni °F. Kwa maji ya moto, huku kwetu usitegemee 100. Baray tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 96 na kitu. Karatu mjini kwenye mita 1,500 hivi ni kama 95. Dar ndo utaona 100. Kwa hiyo mteja wa Karatu akisema kipimo chake kinasoma pungufu, usikimbilie kubadilisha. Kipimajoto cha homa usikitie kwenye maji ya moto wala barafu. Cha digitali kikiwa baridi kitaandika "Lo" tu, na herufi ya C au F inakuwa pembeni. Vingi vinabadilishwa kwa kitufe, soma karatasi ya ndani, kiweke °C kabisa ndo ukipakie.

Kwenye posti andika zote mbili. "Pasi ya nywele, joto la juu 450°F (232°C)." Mtu akiona 450 tupu anadhani itachoma nywele zote. Na wenzangu mnaouza mashuka na makoti kwa wageni wa kreta ya Ngorongoro, ukimwambia Mmarekani asubuhi ni 10 anaelewa ni baridi kuliko barafu. Mwambie 50.

Balbu zina K, yaani Kelvini. Hii inahesabu sawa na Selsiasi ila inaanzia chini kabisa, -273.15°C. Balbu ya 6500K haina joto hilo, ni rangi ya mwanga wake. Ukitaka kuelewa, mtazame fundi chuma wa Kidatoga huku Eyasi: chuma kinaanza chekundu, kikizidi moto kinakuwa cha njano, kikizidi zaidi kinaelekea weupe. Kwa hiyo 3000K ni mwanga wa njano, 4000K uko katikati, 6500K ni mweupe unaoelekea bluu. Mteja akiuliza taa ya sebuleni, muulize kwanza anataka ya njano au nyeupe, halafu soma namba kwenye boksi kabla hujafunga mzigo.