Kijana na Neno "Haikuandikwa"

Neno tulisikialo sana vinywani mwa vijana wetu, wa kiume na wa kike, ni hili: "Haikuandikwa." Mmoja ameanguka mtihani, mwengine amekosa kazi, wa tatu duka lake limekufa, na wote hukimbilia neno lilo hilo. Leo twataka kutazama lamfanya nini mwenye kulisema.

Mwaka 1966 mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Julian Rotter, alieleza kuwa yuko mtu aonaye kuwa yamfikayo yatokana na vitendo vyake, na yuko aonaye kuwa yatokana na bahati au watu wenye nguvu. Na wengi wako baina ya hao wawili. Tofauti hii si ndogo. Wa kwanza akianguka hujiuliza, "Nilikosea wapi?" na swali hilo huifanyisha kazi akili yake. Wa pili hana la kujiuliza. Akili yake hulala. Na hata akifaulu hajioni kuwa kitu, kwani husema ni bahati. Hivyo nafsi yake hudunika machoni mwake mwenyewe.

Huenda mtu akasema, "Kwani kuamini kadari si nguzo ya imani?" Ni nguzo, bila shaka. Lakini Sayyidna Umar alipokuwa akielekea Sham akapata khabari ya tauni, alitaka shauri kwa masahaba, kisha akaamua kurejea. Abu Ubayda alipomuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kuwa aikimbia kadari kwa kuiendea kadari. Basi imani yake haikumfunga mikono, bali ilimtumilisha akili.

Wala hatusemi kuwa yote yamo mkononi mwa kijana. Nyumba aliyozaliwa hakuichagua, na uchache wa kazi mjini si kosa lake. Kumlaumu kwa hayo ni dhulma. Tusemalo ni kuwa ayatenge mambo mafungu mawili: lisilo lake alisubirie, na lililo lake, hata likiwa dogo, alishike.

Nanyi wazazi, kijana mnayemuamulia kila jambo, masomo yake, kazi yake, hata marafiki zake, atajuaje kuwa aweza? Mpeni jambo moja liwe lake, aliamue, alisimamie, na likiharibika msimpokonye, mwacheni alitengeneze.

Mwenyezi Mungu atuafikie sote katika kheri. Amin.