Rangi ya Nywele Isipokupendeza: Sema Mapema, Sema kwa Adabu

SOMO KWA VIKUNDI VYA KINA MAMA NA VIJANA



Tunapotaja haki ya mnunuzi, wengi hufikiria duka: unga uliopungua kwenye mizani, au maziwa yaliyoharibika. Lakini hata saluni mtu hununua. Anayekwenda kutia rangi nywele ananunua vitu viwili: dawa, na kazi ya mikono ya msusi.

Sasa tazama desturi yetu hapa Kisumu Ndogo. Msusi anamaliza, anashika kioo na kuuliza, "Umeonaje, dada?" Rangi haikupendezi hata kidogo, lakini unajibu, "Aa, iko sawa." Unalipa, unafunga leso kichwani, unatoka. Ukifika bombani ndipo maneno yanapomwagika: "Yule kaniharibu! Mimi simrudii tena!"

Nani amefaidika hapo? Mteja amepoteza pesa na bado rangi ni ile ile. Msusi amepoteza mteja na jina lake, wala hajui kosa liko wapi. Kesho atamfanyia mwingine vile vile. Na hawa wawili ni majirani, pengine wanaweka akiba katika chama kimoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

SHABAHA YA SOMO

Mwisho wa somo hili wanakikundi wataweza:
1. Kueleza kwa nini rangi hutoka tofauti na ilivyotarajiwa.
2. Kumwambia msusi bila matusi na bila kuficha.
3. Kutambua hatari inayohitaji hospitali, si maelewano.

SEHEMU YA 1: RANGI INAVYOFANYA KAZI

Ni vigumu kulalamikia vizuri jambo usilolijua. Rangi ya kudumu huchanganywa na haidrojeni peroksaidi. Mchanganyiko huo hufungua ganda la nje la unywele, hupunguza weusi wa asili ulio ndani, kisha rangi mpya hujijenga humo humo. Ndiyo sababu haitoki kwa kuosha.

Kumbuka mambo manne:

Kwanza, rangi haing'oi rangi. Nywele zilizotiwa nyeusi mwezi uliopita hazitakuwa kahawia kwa kupaka kahawia juu yake. Mizizi iliyoota karibuni itashika kahawia, ncha zitabaki nyeusi. Kuziondoa rangi kunahitaji blichi, na blichi hudhoofisha nywele.

Pili, hina ina tabia yake. Hina safi hutoa wekundu au hudhurungi, haitoi weusi. Ile inayoitwa hina nyeusi, na piko tunayotumia kwenye arusi, mara nyingi ina kemikali iitwayo PPD, ambayo pia imo katika rangi nyingi za nywele za pakiti.

Tatu, nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha tayari zimechoka. Dawa hiyo na rangi ya kudumu zisifanywe siku moja. Ziachane wiki 2 au zaidi, la sivyo nywele zitakatika.

Nne, jua letu na maji ya bahari hufifisha rangi. Ikiwa ilitoka vizuri na baada ya mwezi imepauka, usimlaumu msusi kwanza.

Kwa hiyo mara nyingi kosa huanza kabla ya dawa kupakwa. Mteja hakusema alichotia zamani, na msusi hakuuliza.

SEHEMU YA 2: MCHEZO MFUPI

Kiongozi achague watu wawili. Wengine wasikilize.

MTEJA: Dada, kabla sijalipa, hebu tuangalie pamoja hapa mlangoni penye mwanga.
MSUSI: Kuna nini, mama?
MTEJA: Umeziosha na kuzikausha vizuri, nashukuru. Lakini tulipatana kahawia kama ya picha hii. Kwenye mizizi imekuwa nyekundu, na huku nchani bado ni nyeusi.
MSUSI: Si rangi ni hiyo hiyo uliyochagua? Pakiti hii hapa.
MTEJA: Sikatai. Nauliza tu kwa nini imetoka rangi mbili, na tunaweza kufanya nini.
MSUSI: Kwani ulikuwa umetia kitu zamani?
MTEJA: Nilitia nyeusi, ile siku ya arusi.
MSUSI: Basi ndiyo hiyo. Ungeniambia, ningekueleza mapema.
MTEJA: Nawe ungeniuliza, ningekwambia. Sasa tufanyeje?
MSUSI: Leo nisiongeze dawa, zitakatika. Rudi baada ya wiki 2, niifanye mizizi iwe nyeusi kidogo ifanane na ncha. Utalipia dawa tu, kazi ni juu yangu.
MTEJA: Haya. Tuandike siku hiyo kwenye daftari lako.

Tuzungumze: mteja alifanya nini kilichosaidia?

- Alisema kabla ya kutoka. Ukigundua ukiwa nyumbani, rudi kesho yake, usingoje mwezi. Na usijipake dawa nyingine mwenyewe, kwani hapo hakuna atakayejua kosa ni la nani.
- Alisema juu ya nywele, hakusema juu ya mtu. "Nchani bado ni nyeusi" ni neno linaloweza kurekebishwa. "Hujui kazi" ni ugomvi tu.
- Alikuwa na picha. "Kahawia" ya mmoja si "kahawia" ya mwingine.
- Alisema peke yao, si mbele ya foleni ya wateja.
- Aliuliza, "Tufanyeje?" Hapo msusi alipata nafasi ya kutengeneza kazi yake bila aibu.
- Walipatana bei na siku, wakaandika.

Tena angalia: hawakukimbilia kurekebisha siku ile ile. Kuifanya rangi iwe nyeusi zaidi ni rahisi. Kuifanya iwe nyeupe zaidi ni kazi ya polepole, na pengine jibu la kweli ni kungoja. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi.

SEHEMU YA 3: HAPA USINGOJE

Kuna jambo ambalo mteja hapaswi kulistahi hata dakika moja. Ukiwa umekaa kwenye kiti na ngozi ya kichwa ikaanza kuungua au kuwasha sana, sema: "Nioshe sasa hivi!" Usivumilie ati rangi ishike. Ioshwe kwa maji mengi.

PPD inaweza kuamsha mzio. Dalili pengine hutokea siku moja au mbili baadaye: kuwasha, malengelenge, uso na macho kuvimba. Ukivimba uso au ukishindwa kupumua vizuri, nenda mara moja Hospitali ya Malindi, au ya Kilifi kama uko huko, ukiwa na pakiti ya dawa mkononi. Na aliyewahi kupata mzio huo asijaribu tena, hata kidogo. Mwili haukusahau.

Kinga yake ni rahisi. Saa 48 kabla ya kutia rangi, paka tone dogo nyuma ya sikio kama pakiti inavyoeleza, ukaangalie. Aliyewahi kuwashwa na piko mkononi amwambie msusi kabla hajafungua pakiti.

SEHEMU YA 4: SHERIA INASEMAJE?

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012.

Anza na maneno. Yakishindikana, rudi na mtu mmoja anayeheshimiwa na nyote wawili, kama mzee wa mtaa au kiongozi wa chama. Kama umeumia kweli na hamjaelewana, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inaruhusu madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujisemea bila wakili. Weka picha, pakiti na ujumbe wa M-Pesa wa malipo.

Lakini haki ina pande mbili. Msusi naye ana watoto na kodi ya kibanda. Kama alikuonya kwamba haitatoka ulivyotaka nawe ukashikilia, hilo ni lako.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini ni rahisi kusema bombani na vigumu kusema saluni?
2. Wasusi waliomo katika kikundi: mngependa mteja awaambie vipi?
3. Maswali gani matatu msusi amwulize kila mteja kabla ya kuchanganya rangi?

KAZI YA KUFANYA

Andikeni maswali hayo matatu kwa herufi kubwa, mkayapeleke saluni moja ya mtaani, mwombe yabandikwe karibu na kioo. Mkutano ujao mtueleze yalipokewaje.